Mkanda Wako wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kusafisha na Kuskani Filamu

Maswali haya huulizwa na karibu kila mtu aliyenunua kamera ya filamu au kurithi ya mzazi wake, akamaliza mkanda wa kwanza, kisha akabaki ameushika mkononi asijue aupeleke wapi. Tumeanza na mambo ya mwanzo. Visa vya nadra viko mwishoni. Mengi yanahusu mkanda wa milimita 35, kwa kuwa ndio walio nao wengi.

## Kabla ya kwenda studio

Nimemaliza picha zote. Nifungue kamera nitoe mkanda?

Usifungue bado. Katika kamera nyingi mkanda uliopigwa umetoka ndani ya kopo lake na kujiviringisha upande wa pili. Ukifungua mgongo wa kamera kabla ya kuurudisha, mwanga utauunguza.

Kwenye kamera ya kuzungusha kwa mkono, tafuta kitufe kidogo chini ya kamera ukibonyeze, kisha inua kikono kilicho juu upande wa kushoto na ukizungushe kufuata mshale. Utahisi mkanda ukivuta, halafu mvuto utaachia ghafla. Zungusha mara chache zaidi, ndipo ufungue. Kamera yenye mota hurudisha mkanda yenyewe: ngoja mlio uishe na kihesabu kirudi sifuri.

Kusafisha na kuskani ni kitu kimoja?

Hapana. Kusafisha ni kuupitisha mkanda kwenye dawa, gizani, ili picha ambayo bado haionekani igeuke negativu, yaani picha ya kinyume ambayo penye mwanga ni peusi na penye giza ni peupe. Kuskani ni kuisoma negativu hiyo kwa mashine ili upate faili la kuweka kwenye simu au kompyuta. Kuchapa kwenye karatasi ni kazi ya tatu. Zamani ukipeleka mkanda kusafishwa ulirudishiwa bahasha yenye picha za karatasi na negativu zake. Siku hizi kila kazi ina bei yake, kwa hiyo taja wazi unataka zipi.

Nitajuaje mkanda wangu unahitaji dawa gani?

Soma kopo. Filamu nyingi za rangi, kama Kodak Gold 200, ColorPlus 200 au UltraMax 400, zimeandikwa C-41. Huo ni utaratibu ulioletwa na Kodak mwaka 1972, na hadi leo ndio wa kawaida kwa negativu za rangi, hata za makampuni mengine. Filamu za slaidi, kama Ektachrome na Velvia, zimeandikwa E-6. Filamu za nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X, zina dawa zake, na muda wa kusafisha hutofautiana kwa kila filamu.

Kuna moja inayowachanganya hata mafundi: Ilford XP2 Super hutoa picha za nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa C-41. Mwoneshe fundi maandishi ya kopo, usimwambie tu kwamba ni nyeusi na nyeupe.

Niupeleke wapi? Studio ya mtaani kwetu inasema haisafishi tena.

Hilo ni la kawaida. Studio nyingi za miji yetu zilikuwa na mashine za kusafishia miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kisha kamera za dijitali zikaja na mashine zikazimwa. Kibao chenye jina la kampuni ya filamu kinaweza kuwa bado kinaning'inia mlangoni ilhali ndani wanachapa picha za pasipoti peke yake.

Anza kwa kuwauliza wapiga picha wa mjini kwako wanaotumia filamu sasa hivi, maana wao ndio wanaojua dawa ya nani ni mbichi. Usipopata, una njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya mikanda kadhaa na kumpa mtu anayesafiri kwenda mji wenye maabara, au kuituma kwa mzigo. Ya pili, kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, ni kusafisha mwenyewe. Tazama sehemu ya "Kusafisha nyumbani".

Ninaweza kukaa nao kwa muda gani kabla ya kuusafisha?

Miezi michache haina shida ukiwa mahali pa baridi na pakavu. Filamu iliyokwisha kupigwa huharibika haraka kuliko ambayo haijapigwa, na joto likichanganyika na unyevu ndiyo hatari kubwa. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, droo ya kabati si mahali salama kwa mwaka mzima. Tia mkanda kwenye kichupa chake cha plastiki chenye kifuniko, kichupa ukitie kwenye mfuko unaofungika, uweke kwenye friji. Siku ya kuutoa, uache saa kadhaa ukiwa umefungwa vivyo hivyo ili umande usishike filamu. Na kamwe usiuache ndani ya gari juani.

Mashine za uwanja wa ndege zitauharibu?

Usitie mkanda ambao haujasafishwa kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu mionzi ya kukagulia mizigo hiyo ni mikali. Beba mkononi, kwenye mfuko unaoonesha ndani, na umwombe mkaguzi kwa upole aukague kwa mkono. Mashine za zamani za mabegi ya mkononi hazina madhara makubwa kwa filamu za chini ya ISO 800 (namba ya kopo inayoonesha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), lakini mashine mpya za CT zinaweza kuweka ukungu hata kwenye filamu ya ISO 200. Negativu zilizokwisha kusafishwa hazidhuriki.

## Ukiwa kaunta

Nimuulize fundi nini kabla ya kumkabidhi mkanda?

Swali muhimu kuliko yote ni hili: mara ya mwisho mlisafisha filamu lini, na mnasafisha mingapi kwa wiki? Dawa ya C-41 huchoka hata ikikaa bila kazi. Mashine inayopitisha mkanda mmoja kwa mwezi inaweza kutoa negativu zilizofifia zenye rangi za ajabu, na fundi asiwe na kosa lolote la mkono. Fundi mwaminifu atakujibu bila kuona haya, na wengine watakwambia waziwazi kwamba wanangoja mikanda ifike idadi fulani ndipo wachanganye dawa mpya. Huyo mngoje.

Uliza pia negativu zitakatwa vipande vya picha ngapi (sita kwa kipande ni kawaida), zitatiwa kwenye karatasi za kuhifadhia au zitaviringishwa tu, na faili zitakuwa na ukubwa gani. Kama hutaki negativu zikatwe, sema mapema. Andika jina lako na namba ya simu kwenye kopo lenyewe, si kwenye mfuko peke yake.

Filamu yangu ni ISO 400 lakini nilipiga kama 1600. Nimwambie?

Lazima umwambie, tena kabla hajaanza. Umeipa filamu robo ya mwanga inaouhitaji, kwa hiyo fundi ataizidishia muda kwenye dawa. Wapiga picha huita huko kuisukuma stopu mbili. Jua tu kwamba muda huo unahusu mkanda mzima. Ukipiga nusu ya harusi kwa 400 na nusu kwa 1600, nusu moja itapunjwa.

Nimetumiwa picha kwa simu na zinapendeza. Kuna haja ya kurudi kuchukua negativu?

Ipo, na tungependa ulishike hili kuliko jambo jingine lolote hapa. Negativu ndiyo picha yenyewe. Ulichotumiwa ni nakala iliyotengenezwa siku moja, na fundi mmoja, kwa mashine moja. Simu ikiibiwa, au kiungo cha kupakulia faili kikifungwa baada ya wiki kadhaa, nakala imepotea. Negativu ikiwepo unaskani upya, pengine kwa mashine bora kuliko ya leo. Tena picha zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa zimebanwa, hazifai kuchapwa kubwa. Omba zije kama hati, kwa kiungo au kwenye flashi.

Studio nyingi hutupa negativu zisizochukuliwa, kwa kuwa hazina pa kuziweka. Ndivyo harusi na maulidi mengi ya wazazi wetu yalivyopotea. Kule Mji Mkongwe, Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha mwanawe Rohit akaiendeleza. Hadi leo inajulikana kwa hifadhi yake ya picha za Unguja ya zamani. Kuna aliyeamua kutotupa.

Nyumbani, tia negativu kwenye karatasi maalumu za kuhifadhia, uandike mwezi, mwaka na walioonekana, uzisimamishe kwenye faili mahali pakavu. Pwani weka vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, maana kuvu hula utandu wa picha.

Fundi ataziona picha zangu?

Akiskani, ndiyo. Lazima azitazame ili arekebishe mwanga na rangi. Kwa picha za ndani ya nyumba, za sherehe za wanawake, au za watoto, ni haki yako kuuliza nani anaskani na faili hufutwa lini. Unaweza pia kuomba kusafishiwa tu, kisha ukaskani mwenyewe. Sharti uridhike na ukweli kwamba negativu nayo huonekana ikishikwa kwenye mwanga, ingawa nyuso ni ngumu kutambulika.

## Kuskani

Nichague ukubwa gani wa faili?

Fikiria utazitumia wapi. Picha moja ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15 unahitaji pikseli kama 1200 kwa 1800. Kwa 20 kwa 30, kama 2400 kwa 3600. Kwa hiyo faili la pikseli 2000 kwa 3000 linatosha kwa albamu na mitandao. Lipia kubwa zaidi kwa zile chache utakazozitundika ukutani. Kuskani mkanda wote kwa ukubwa wa juu kabisa, na ni mkanda wako wa kwanza, mara nyingi ni kutupa pesa.

Faili liwe JPEG (dogo, lililobanwa) au TIFF (kubwa, lisilopoteza kitu)?

JPEG, isipokuwa unajua kuhariri rangi na una nafasi ya kutosha kwenye kompyuta. Tofauti ya TIFF utaiona utakapoanza kuvuta vivuli na rangi kwa nguvu.

Kwa nini mkanda uleule umetoka na rangi tofauti kwenye studio mbili?

Kwa sababu negativu ya rangi haina rangi moja iliyo sahihi. Ina utandu wa rangi ya chungwa ambao mashine lazima iuondoe kabla ya kuipindua picha, na hapo kila mashine na kila fundi ana uamuzi wake. Mashine za Noritsu na Fuji Frontier, zinazotumika katika maabara nyingi duniani, kila moja ina ladha yake.

Zingatia hasa rangi ya ngozi. Mpangilio wa kujiendesha wa mashine hutafuta wastani, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe anaweza kutoka kijivu, au akang'arishwa mpaka haonekani kama yeye. Usikubali kuambiwa kwamba filamu ndivyo ilivyo. Rudi na negativu, mwoneshe fundi, umwombe askani upya akiangalia uso badala ya ukuta. Fundi mzuri hafurahii picha ya kijivu.

Naweza kuskani kwa simu?

Kwa kuona ulichopata, ndiyo. Washa tableti kwenye ukurasa mweupe, inua negativu sentimita chache juu ya kioo ili nukta za kioo zisionekane, zima taa nyingine zote, piga picha kwa wima kabisa, kisha pindua rangi kwa programu ya kuhariri. Kwa kazi ya kudumu, kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, ubao wa mwanga mzuri na kishikio cha negativu hutoa matokeo yanayoweza kuishinda skana ya bei nafuu. Kabla ya kila kipande, puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Usifute kwa kanga wala kwa ncha ya shati.

## Mkanda ukitoka vibaya

Mkanda umetoka mtupu. Kosa ni la kamera au la studio?

Omba upewe negativu, hata kama fundi anasema hazina kitu. Zitazame kingo zake. Kiwandani filamu huchapwa jina lake na namba za picha pembeni kwa mwanga, na maandishi hayo hujitokeza kwenye dawa pamoja na picha.

Maandishi yakionekana vizuri na katikati pakawa patupu, dawa ilifanya kazi. Mwanga haukuifikia filamu. Mara nyingi ni ulimi wa filamu (ncha yake ya mwanzo) uliochomoka ulipoipakia, ukawa unapiga na mkanda umesimama. Safari ijayo, ukishafunga kamera, kaza kidogo kikono cha kurudishia, kisha vuta picha inayofuata: kikono kisipozunguka chenyewe, filamu haiendi. Inawezekana pia shata (pazia linalopitisha mwanga ndani ya kamera) haifunguki.

Hata maandishi ya pembeni yakiwa hayapo na filamu ni angavu tupu, tatizo liko kwenye dawa, na una haki ya kuzungumza na studio. Filamu ikiwa nyeusi tii kote, imeungua kwa mwanga: ama kamera ilifunguliwa, ama mkanda ulifunuliwa wakati wa kusafishwa. Katika hali hiyo ya mwisho maandishi ya pembeni hayasaidii kuamua.

Picha zimejaa chembechembe na giza lake ni kama matope.

Hazikupata mwanga wa kutosha. Negativu zake utaziona nyepesi, karibu kupitisha kila kitu, na skana ikijaribu kuzing'arisha hutoa chembe na ukijivu. Negativu ya rangi huvumilia mwanga wa ziada vizuri kuliko mwanga pungufu, kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza. Filamu ya ISO 200 ndani ya nyumba usiku bila flashi itakuangusha karibu kila mara.

Nilifungua mgongo kabla ya kurudisha. Nitupe mkanda?

Usiutupe. Picha za juu zimeungua, lakini tabaka za filamu zilizoviringana hukingana, na zile ambazo hazijatoka kwenye kopo hazijaguswa kabisa. Ukifunga baada ya sekunde moja kivulini, unaweza kuokoa nyingi. Rudisha, peleka, na umweleze fundi.

Kuna mistari mirefu na vidoa vyeupe.

Vidoa vyeupe vyenye umbo la unywele ni vumbi la wakati wa kuskani. Huondoka kwa kusafisha uso wa negativu na kuskani upya. Mstari ulionyooka unaopita picha hadi picha ni mkwaruzo. Kagua kwanza mlango wa filamu ndani ya kamera yako, chembe moja ya mchanga wa ufukweni inatosha.

## Kusafisha nyumbani

Kweli naweza kusafisha mwenyewe?

Nyeusi na nyeupe, ndiyo, na tunakutia moyo ujaribu. Unahitaji tangi lisilopitisha mwanga, mfuko wa giza wa kupakilia, kipimajoto, saa, na dawa: ya kutoa picha, ya kusimamisha, na ya kukaza. Dawa ya kutoa picha ya Kodak D-76 ipo tangu miaka ya 1920 na bado inapendwa. Mfano wa muda: HP5 Plus iliyopigwa kwa 400, katika ID-11 (dawa ya Ilford inayofanana na D-76) isiyozimuliwa, nyuzi 20, ni dakika 7 na nusu. Fanya mazoezi ya kupakia kwa mkanda mbovu, kwanza ukitazama, kisha umefumba macho, hadi mikono izoee. Kazi nyingine zote ni rahisi kuliko hiyo.

Ili kujua kama dawa ya kukaza bado ina nguvu, tumbukiza kipande cha ulimi uliokatwa, hesabu muda wa kuwa angavu, kisha kaza filamu yako mara mbili ya muda huo.

Maji ya bombani kwetu ni nyuzi 29. Nifanyeje?

Dawa hukimbia kwenye joto, na muda ukishuka chini ya dakika tano mkanda husafishika kwa mabaka. Tuliza maji kwenye friji mapema, au simamisha chupa za dawa ndani ya beseni lenye vipande vya barafu (barafu isiingie kwenye dawa) mpaka zifike nyuzi 20 hadi 24, na ufuate jedwali la muda la joto hilo. Maji ya kusuuzia nayo yasipishane sana na dawa. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochujwa, hasa kama yenu yana chumvi, la sivyo yatakauka na madoa.

C-41 ni kinyume: inataka nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, na kosa dogo la joto hubadili rangi. Ianze baada ya kuzoea nyeusi na nyeupe.

Dawa niziweke na kuzimwaga wapi?

Kamwe usizitie kwenye chupa za maji au soda. Mtoto au mgeni atakunywa. Tumia chupa nyeusi zenye maandishi makubwa, juu, chini ya kufuli. Dawa ya kukaza iliyotumika ina madini ya fedha, usiimwage kisimani, shambani wala mferejini. Ikusanye kwenye dumu na uulize maabara au hospitali iliyowahi kuwa na eksrei za filamu jinsi wanavyotoa zao.

## Visa vya nadra

Nimekuta mkanda wa marehemu baba ndani ya kamera yake. Bado una picha?

Huenda. Tegemea picha hafifu zenye ukungu, na usipeleke kwenye mashine ya kawaida kabla ya kuongea na fundi. Baadhi husafisha mikanda ya zamani ya rangi kwa dawa ya nyeusi na nyeupe ili kuokoa kinachookoleka. Kopo likiwa limeandikwa Kodachrome, hiyo ndiyo njia pekee: maabara ya mwisho duniani iliyosafisha Kodachrome kwa rangi, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda hiyo mwisho wa mwaka 2010.

Niliuziwa filamu ya sinema iliyokatwa na kutiwa kwenye kopo la kawaida.

Mwambie fundi kabla hajaigusa. Nyingi zina tabaka jeusi la kaboni mgongoni ambalo huchafua dawa ya C-41 na kuharibu mikanda ya wateja wengine. Filamu za CineStill zimeondolewa tabaka hilo kabla ya kuuzwa, hizo hazina shida.

Kamera yangu ni ya nusu fremu. Studio inataka kunilipisha mara mbili.

Mkanda wa picha 36 hukupa karibu 72, kwa hiyo kusafisha ni bei ileile lakini kuskani ni kazi zaidi. Omba waskani picha mbilimbili pamoja kama fremu moja, kisha uzitenganishe mwenyewe.

Kamera imeanguka baharini na mkanda ndani.

Usiukaushe. Filamu ikikauka ikiwa imeviringana hugandana na kubanduka utandu. Rudisha mkanda kama kamera bado inazunguka. Ikigoma, utoe ndani ya mfuko wa giza. Tia kopo kwenye kichupa chenye maji safi yasiyo ya chumvi, funga, weka gizani mahali pa baridi, na uupeleke siku hiyohiyo au kesho yake ukiwa bado majini. Mweleze fundi, kwa sababu mkanda uliolowa haupiti kwenye mashine. Itabidi ausafishe kwa tangi, kwa mkono.